Njia Si ya Aliyewahi

"Suka, kanyaga, bado iko mbali hiyo!"

Konda alikuwa amening'inia mlangoni, kiganja kikipiga bodi la gari. Tulikuwa Tabata, kwenye reli, jioni ya siku ya kazi, daladala imejaa hadi watu wanashikana mabega. Treni ilikuwa imekwisha kupiga honi mara mbili. Mama mmoja aliyekaa nyuma ya dereva, mtoto amempakata, alisema kwa upole, "Baba, si tungeiacha ipite kwanza?" Dereva hakugeuka. "Mama, tulia. Mji huu ukisubiri unalala barabarani." Akakanyaga. Tukavuka. Treni ikapita nyuma yetu, karibu mno, konda akacheka, na abiria mmoja akasema neno ambalo sijalisahau: "Huyu dereva mzoefu."

Sina ugomvi na dereva yule peke yake. Ugomvi wangu ni na sifa aliyopewa. Ndani yake imejificha imani ambayo wengi wanaoshika usukani nchini wanaiishi hata kama hawaitamki: kwamba njia ni ya aliyewahi. Aliyetanguliza pua ya gari kwenye njia panda ameshinda. Aliyewasha taa za fulu kwanza amejipatia kibali. Mwenye gari kubwa amewahi hata kabla hajafika. Kusubiri kumeachiwa wageni wa mji, wazee, na wanafunzi wenye kibao cha L. Imani hii ni ya uongo, na inaua watu.

Tuanze na neno haki. Dereva akigongwa njia panda, sentensi ya kwanza kumtoka ni "Mimi nilikuwa na haki." Anaitaja haki hiyo kama mtu anayetaja kiwanja chake, kana kwamba kipande kile cha lami kina hati yenye jina lake. Lakini zipitie kanuni za barabarani moja baada ya nyingine, uone zinamwambia nani nini. Alama nyekundu ya pembe nane inasema simama. Pembetatu iliyopinduliwa, ncha chini, inasema pisha. Anayetoka barabara ndogo anaambiwa awapishe walio barabara kuu. Anayekata kulia anaambiwa awangoje wanaokuja mbele yake moja kwa moja. Anayekata kona anaambiwa amwache kwanza mtembea kwa miguu aliyekwisha kuanza kuvuka. Kwenye kipilefti unampisha anayetokea kulia kwako, aliyekwisha kuingia kwenye mzunguko. Hata taa ya kijani haikuamuru uende. Inasema unaweza kwenda, ikiwa njia panda iko wazi. Kanuni zote hizi kazi yake ni kugawa wajibu wa kusubiri. Haki ya kupita ni kile kinachobaki baada ya mwenzako kutimiza wajibu wake, na mpaka umwone anautimiza, huna kitu mkononi.

Jina la kipilefti nalo limetuponza. Tumelichukua kwenye kibao cha Kiingereza kilichosema shika kushoto, na wengi tukaishia hapo: tunashika kushoto na kuingia kwa mwendo uleule. La kumtazama wa kulia halimo kwenye jina, na vichwani pia limepotea.

Najua jibu nitakalopewa, maana nimelisikia vijiweni na hata mezani kwangu. Ukimpisha mmoja wanapita kumi. Ustaarabu wa vitabuni haukufikishi nyumbani. Jibu hili lina ukweli ndani yake na sitalipuuza. Nimewahi kukaa kwenye mdomo wa barabara ya mtaani zaidi ya robo saa nikimngoja mtu mmoja tu apunguze mwendo. Lakini siku moja simama pembeni ya njia panda ambayo mataa yake yamezimika, utazame foleni inavyozaliwa. Gari la kwanza linaingia katikati ingawa ng'ambo hakuna nafasi ya kutokea. La pili, kutoka kushoto, linaingia kwa kuogopa kuachwa. La tatu linachomekea. La nne linaziba upenyo uliobaki. Sasa magari manne yamekabana pua kwa ubavu, kila moja limelizuia linalolizuia, na foleni inarefuka pande zote nne hadi kijana wa mtaani, au abiria aliyechoka, ashuke kuwaelekeza kwa mikono. Anachofanya mtu yule ni kuwachagulia nani asubiri, basi. Dakika ishirini zimekwenda kwa sababu watu wanne walikataa kungoja sekunde kumi. Dereva anasema anawahi kwa sababu ya foleni. Nenda kwenye njia panda ile ukaone foleni ilivyoletwa na kuwahi.

Ili kuwahi kwetu kuonekane kuna utaratibu, tumekutungia lugha. Taa za fulu, kwa dereva mmoja, maana yake "pita". Kwa mwingine maana yake "kaa hapohapo, nakuja". Wakikutana wawili, mmoja wa maana hii na mwingine wa maana ile, wote wanaingia wakiamini wamekubaliana. Hazadi ni mbaya zaidi. Mtu anafika njia panda, anataka kwenda moja kwa moja, anaziwasha. Amesahau kwamba walio pembeni wanaona ubavu mmoja tu wa gari lake. Aliyesimama kwenye barabara ya kushoto anaona taa ya kushoto inawaka na kuzimika, anaelewa kuwa huyu anakata kuingia kwake, naye anatoka. Wanagongana ubavuni, na kila mmoja ataapa kwamba alionyesha au alionyeshwa. Hazadi ni za gari lililoharibika au lililo hatarini. Anayekwenda moja kwa moja hahitaji kuwasha indiketa yoyote.

Na ile sifa ya uzoefu? Septemba 3, 1967, Sweden ilihama kutoka kuendesha upande wa kushoto kwenda kulia, nchi nzima kwa asubuhi moja. Wengi waliogopa maafa. Ajali zikapungua. Kisha, madereva walipouzoea upande mpya, zikapanda tena hadi zilikokuwa. Ni kweli kwamba mwendo nao ulikuwa umeshushwa, lakini mimi naona pia jambo jingine: kwa kipindi kile hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba njia ni yake, kwa hiyo kila mtu alitazama. Uzoefu uliporudi, macho yakapumzika. Ndiyo sababu sifa ya "dereva mzoefu" hainifariji. Tunayemwita mzoefu mara nyingi ni mtu aliyebahatisha mara nyingi, na kila alipopona aliamini kwamba alijua.

Sasa turudi relini.

Kati ya gari na gari, kuwahi hufanikiwa kwa sababu ambayo anayewahi haitaji: mwenzake ana breki. Kila ulipochomekea ukapona, kuna mtu alikanyaga breki kwa niaba yako. Anayewahi anaishi kwa breki za wenzake. Treni haina breki ya kukukopesha. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama tairi la mpira linavyoshika lami. Ndiyo maana kichwa kimoja kinaweza kukokota mabehewa mengi, na ndiyo maana hakiwezi kuyasimamisha upesi. Treni ndefu ya mizigo iliyo kwenye mwendo huweza kuhitaji kilomita moja au zaidi kusimama, hata dereva wake akifunga breki za dharura. Usukani wa kukukwepa hana. Akikuona umekaa juu ya reli, kilichobaki mikononi mwake ni honi. Tunaipisha treni kwa sababu haiwezi kutupisha.

Na macho yanatudanganya. Kitu kikubwa kikija kutoka mbali huonekana kinatembea polepole kuliko mwendo wake halisi. Kinachokuja kukuelekea hakisogei kushoto wala kulia machoni pako, kinakua tu. Mwanzo kinakua kidogo kidogo, halafu ghafla kimejaa dirisha zima. Chukua treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa, iliyo umbali wa mita 200, urefu wa viwanja viwili vya mpira. Machoni iko mbali kweli, konda hasemi uongo. Itafika ulipo baada ya sekunde 12. Basi la urefu wa mita 12, lililojaa watu na mizigo, likianza kutoka kusimama, linatakiwa kusogea zaidi ya mita 20 ili mkia wake utoke relini. Kwa gia ya kwanza, sekunde saba au nane zimekwisha. Hapo ni kama injini haikuzimika, dereva hakubabaika na gia, na mbele hakuna bajaji iliyosimama kushusha mtu. Ndiyo sababu sheria ya kwanza ya reli haihusu treni kabisa: usipandishe gari juu ya reli kabla hujaona nafasi ya gari zima upande wa pili.

Novemba 29, 2023, alfajiri, Manyoni mkoani Singida, basi la abiria liligongana na kichwa cha treni. Watu 13 walipoteza maisha. Sikuwemo ndani ya basi lile na sitasema dereva alikuwa akiwaza nini. Nasema tu kwamba Reli ya Kati, ndiyo inayopita hapo, ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Imelala palepale kwa zaidi ya miaka mia moja. Barabara na magari ndivyo vilivyoifuata, na Dodoma kuna hata kata inayoitwa Tambukareli. Reli haimvizii mtu.

Wamarekani walijifunza kwa uchungu kwamba relini kusimama tu hakutoshi. Desemba 1, 1938, katika jimbo la Utah, treni ya mizigo ililigonga basi la shule wakati wa dhoruba ya theluji, wakafa watu zaidi ya 20, wengi wao wanafunzi. Dereva alikuwa amesimama kabla ya reli kama inavyotakiwa. Treni hakuiona. Baada ya msiba ule ikaenea sheria kwamba dereva wa basi la shule akifika relini asimame, afungue mlango, asikilize na kutazama pande zote mbili, ndipo avuke. Kwetu basi lenye watu 60 linavuka reli vioo vimefungwa, muziki umefunguliwa hadi mwisho, konda anahesabu nauli.

Wenye mamlaka nao sitawaacha. Vipo vivuko vya reli visivyo na geti wala taa, vyenye majani marefu yanayoficha treni hadi iwe karibu, na nguzo ambazo alama zake ziling'olewa zikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hilo ni deni lao na walilipe. Wahandisi wameshatuonyesha dawa kamili ni ipi. Pale Tazara lilijengwa Daraja la Mfugale, likafunguliwa mwaka 2018. Ubungo likafuata Daraja la Kijazi mwaka 2021, barabara zikapishana kwa ghorofa. Njia ya reli mpya ya SGR, ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, imezungushiwa uzio, na magari yanapita juu yake au chini yake, kwa sababu treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kuachwa ikutane na busara ya madereva. Fedha nyingi zimetumika ili tusikutane. Lakini reli ya zamani bado inakatiza barabara zetu uso kwa uso, reli ya TAZARA vilevile, na njia panda za mitaani hazitajengewa madaraja katika maisha yetu. Huko hakuna kitakachotuokoa isipokuwa mtu mmoja kukubali kusimama.

Kwa madereva nina ombi moja dogo. Ukifika mahali pa kupisha, pisha bila kungoja kushukuriwa, maana hukumfanyia mwenzako hisani. Ukifika relini, simama, zima muziki, shusha kioo, mtume konda ashuke atazame kushoto na kulia kabla hujagusa gia. Inachukua nusu dakika. Na gari likikuzimikia juu ya reli, usilipiganie. Shusha watu wote, waondoke relini wakielekea upande treni inakotokea, kwa mshazari, ili vipande vya gari vikirushwa viende wasikokuwa.

Kwa abiria nina jambo zito zaidi. Tumebandikiwa ndani ya mabasi maneno ya kututaka tupaze sauti, na sisi tunayasoma tukiwa kimya. Jioni ile ya Tabata mama alisema peke yake. Gari lilikuwa na watu zaidi ya 30, kila mmoja aliisikia honi, na mimi nilikuwa kiti cha tatu. Kama wawili tu tungemuunga mkono, dereva angesimama. Hakuna suka anayebishana na gari zima. Mimi nilinyamaza. Wewe ukimsikia mama kama yule, tafadhali usinyamaze.