Kuwapiga Picha Ndege Kiotani
Huko Uingereza mwishoni mwa Mei, baridi ikiwa imekwisha na miti imechanua, ndege hulea makinda katika vichaka vya bustani za shamba. Atakaye picha yao asikate majani yanayokisitiri kiota: picha itatoka safi, lakini paka na kunguru nao watakiona. Na ayafunge kando kwa uzi, kisha ayarudishe upesi.

Richard Kearton na nduguye Cherry (ndiye aliyefika Kenya na kamera yake mwaka 1909) walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892. Baadaye walitengeneza ng'ombe wa ngozi na mbao, mpiga picha akajificha tumboni. Kwa ndege, huyo alikuwa ng'ombe tu. Hata hivyo, mama akikawia kurudi, mpiga picha na aondoke, makinda wasife kwa baridi.