Uchovu wa baridi yabisi si uvivu

KATIKA masoko yetu ya mpakani, kuanzia Kobero hadi Mugina, anayechelewa kufika hupoteza wateja, na anayejilaza mchana huitwa mvivu. Lakini wapo wafanyabiashara, hasa akina mama, wanaoamka wamechoka kuliko walivyolala. Vidole vimekakamaa, na hata kufunga kanga au kuhesabu noti ni kazi. Hao si wavivu. Ni wagonjwa, na wengi wao hawajaambiwa hivyo.

Ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi. Wengi hulitumia jina hili kwa kila maumivu ya viungo na huamini kuwa huletwa na baridi ya milimani. Sisi tunazungumzia ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Viungo vidogo vya mikono na miguu huvimba, mara nyingi pande zote mbili, na asubuhi huweza kukakamaa kwa saa moja au zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na takriban asilimia 70 yao ni wanawake.

Uvimbe wa vidole huonekana kwa macho. Uchovu hauonekani, na ndiyo maana hauaminiwi. Kinga ya mwili inapochafuka, humwaga katika damu kemikali za aina ile ile zinazomlegeza mtu mwenye malaria, akakosa nguvu na hamu ya kula. Wa malaria akitibiwa hupona baada ya siku chache. Wa baridi yabisi hubaki nazo miezi na miaka. Juu ya hayo, maumivu humkatiza usingizi, damu hupungua, misuli hudhoofu na huzuni humwingia. Uchovu wa namna hiyo hauishi kwa kulala usiku mmoja.

Hata wataalamu walichelewa kulitambua jambo hili. Kwa miaka mingi walihesabu viungo vilivyovimba na kupima damu, huku wagonjwa wakilalamikia uchovu. Ni mwaka 2006 tu ndipo watafiti wa kimataifa walipokubaliana kwamba uchovu nao upimwe katika majaribio ya dawa za ugonjwa huu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kutoelewa huku kuna gharama. Mama anayeona nguvu zimemwishia hununua dawa za malaria mara kwa mara bila kupimwa. Mwingine huuziwa vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni bila cheti cha daktari. Baada ya siku mbili tatu anajisikia mzima na kurudi kubeba magunia. Hapo ndipo penye mtego. Madaktari huzitumia dawa hizo kwa kipimo na kwa muda maalumu. Mtu akizimeza miezi na miezi bila uangalizi, uso huvimba, sukari na shinikizo la damu hupanda, na mifupa huwa myepesi kuvunjika. Aliyekwisha kuzitumia kwa wiki kadhaa asiache ghafla, bali amwone daktari azipunguze taratibu.

Tiba ipo. Inayotumika zaidi duniani ni methotreksati, ambayo huzuia viungo visiharibike. Humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuimeza kila siku kunaweza kuua. Hutolewa pamoja na asidi ya foliki, damu na ini hupimwa mara kwa mara, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Uvimbe ukidhibitiwa mapema, mara nyingi na uchovu hupungua, ingawa si lazima uishe wote. Unaobaki hupunguzwa kwa kutibu upungufu wa damu na huzuni, kufanya mazoezi mepesi kama kutembea, na kugawa kazi ili mtu apumzike kabla hajaishiwa nguvu kabisa.

Mwaka 2006 nchi yetu ilianzisha matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua. Ilikuwa hatua njema. Lakini magonjwa ya muda mrefu ya watu wazima, kama hili, yameachwa nyuma. Tunaiomba Wizara ya Afya ihakikishe kuwa dawa hizi na vipimo vyake vinapatikana katika hospitali za wilaya, siyo Bujumbura peke yake. Wauguzi wa vituo vya afya nao wasiishie kumuuliza mgonjwa ni wapi panapouma. Wamuulize pia amechoka kiasi gani, na amelala vipi.

Kwa ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli tangu mwaka 2017, tuna neno moja zaidi. Aliyeanzishiwa matibabu huko asitupe karatasi zake. Azipeleke katika kituo cha afya kilicho karibu na kilima chake, ili tiba isikatike. Anayevuka mpaka kwa biashara naye abebe dawa zake za kutosha, asilazimike kununua asichokijua sokoni.

Waume, wakwe na majirani wa vibandani nao wana sehemu yao. Mwenzenu akisema hana nguvu leo, msimcheke. Msaidieni kunyanyua mzigo, mwachieni saa moja akae kivulini, kisha mumhimize aende kupimwa. Akipata matibabu mapema, anaweza kuendelea na biashara yake na kulipa karo ya watoto wake kwa miaka mingi. Akiitwa mvivu hadi viungo vipinde, hasara itakuwa ya nyumba nzima.