Mapigo 138 na kesi ya vina

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea pendekezo la utafiti juu ya lugha ya singeli, muziki wa vijana wa vitongoji vya Dar es Salaam ambao kasi yake hupita mapigo 200 kwa dakika. Nililisoma kwa muda usiofika robo saa, nikalirejesha likiwa na maneno machache ya wino mwekundu pambizoni: "Hizi ni kelele, si fasihi. Tafuta mada nyingine." Binti yule hakubisha. Alizikunja karatasi zake, akasema, "Sawa, Mwalimu," akaenda zake.

Usiku ule nilikaa kusahihisha mitihani. Kama ilivyo ada yangu ninapofanya kazi hiyo ya kuchosha, nilivaa spika za masikioni nikafungulia muziki ambao nimekuwa mfuasi wake tangu mwaka wa 2008. Muziki huo huitwa transi. Aghalabu hauna maneno, na ukiwa nayo ni mawili matatu tu. Hupigwa kwa mashine, na mtu asiyeuzoea akiusikia kwa mara ya kwanza hudhani kuna kinu kinachosaga mahindi katika chumba cha pili. Sikuwa nimemaliza karatasi ya tatu nilipokumbuka ni nani aliyewahi kuniambia "hizi ni kelele", na juu ya muziki upi. Niliiweka kalamu chini.

Aliyeniambia ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu na mshairi wa vina na mizani. Mwaka wa 2012 niliporudi kutoka Ujerumani na shahada ya uzamifu na mkoba uliojaa sahani za muziki, alitaka nimwonjeshe kile nilichokuwa nikikisikiliza ugenini. Alisikiliza dakika mbili, akacheka, akasema, "Mjomba, hizi ni kelele. Wimbo wenyewe uko wapi?" Niliumia, nami sikusahau. Hata hivyo, miaka mingi baadaye nililichukua jiwe lile lile nikamtupia mtoto wa watu.

Nilifika Frankfurt kuandika tasnifu wakati karamu ya transi ilikuwa imekwisha. Klabu mashuhuri ya Omen, alikovuma dijei Sven Väth, ilifunguliwa mwaka wa 1988 ikafungwa mwaka wa 1998, miaka kumi kabla sijakanyaga mji ule. Vijana wa Kijerumani niliosoma nao waliuona muziki huo kuwa mambo ya kaka zao wakubwa. Mwalimu wangu katika fani hii alikuwa msimamizi wa bweni letu, mzee wa makamo aliyeutumia ujana wake wote Omen na ambaye aliniazima sahani zake moja moja, kila moja na maelezo yake, kama mtu anayefundisha darasa la watoto.

Kwake nilijifunza jambo ambalo wengi wetu hatulijui, kwani hudhani muziki wa mashine ulizaliwa Ulaya. La hasha. Chimbuko lake ni Wamarekani weusi. Katika miaka ya themanini, Chicago ilikuwa na klabu iitwayo Warehouse, alikopiga santuri Frankie Knuckles, na jina la klabu hiyo ndilo lililozaa jina la muziki wa hausi. Huko Detroit, mji wa viwanda vya magari, vijana watatu waliosoma pamoja, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliujenga muziki wa tekno. Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha kifaa kidogo cha kampuni ya Roland kiitwacho TB-303. Kilitengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya themanini ili kumpigia besi mpiga gitaa asiye na mwenzake. Hakikuuzika, uundaji wake ukasitishwa. Vijana wa Chicago walikipata kwa bei ya mtumba, wakavizungusha vitufe vyake jinsi mwundaji hakukusudia, kikatoa sauti ya kulialia na kukwaruza. Kundi la Phuture likairekodi sauti hiyo na kuitoa mwaka wa 1987, na tawi zima la muziki likazaliwa, liitwalo hausi ya asidi. Mwanaisimu akisikia kisa hiki hana budi kutabasamu. Hivyo hivyo ndivyo neno linavyookotwa jalalani na vijana, likapewa maana ambayo kamusi haikuiota, na hatimaye kamusi yenyewe ikalazimika kuliandika.

Ujerumani iliupokea muziki huo na kuutia kitu ambacho tekno ya Detroit haikukisisitiza sana, yaani mahadhi marefu yanayopanda taratibu. Mwaka wa 1992, watu wawili wa Frankfurt wajiitao Jam & Spoon waliusuka upya wimbo wa kundi la Age of Love, na wapenzi wengi wa transi huhesabu tarehe zao kuanzia hapo. Upande wa Berlin kulikuwa na Paul van Dyk, aliyekulia Berlin Mashariki akisikiliza kwa siri redio za Magharibi. Maandamano ya densi yaliyoitwa Love Parade yalianza Berlin Magharibi Julai 1989 kwa watu wapatao 150 tu, miezi michache kabla ya ukuta kuanguka.

Je, muziki wenyewe una nini? Nitaueleza kwa istilahi ambazo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu anazijua. Una mizani, na mizani yake haikosei. Mapigo hupangwa manne manne, na kila baada ya mafungu manane au kumi na sita sauti moja huongezwa au huondolewa, ili msikilizaji ahisi beti imekwisha na nyingine imeanza. Una takriri, tena takriri ya makusudi. Kisha katikati ya wimbo ngoma hunyamaza kabisa. Hubaki mahadhi peke yake, yakining'inia hewani kwa dakika nzima au zaidi, na watu ukumbini huacha kucheza wakainua nyuso. Ngoma inaporudi hurudi yote kwa mkupuo. Aliyewahi kumsikiliza mghani hodari wa utenzi akivuta pumzi kabla ya kina cha mwisho ataelewa ninachokisema. Jina lenyewe lina maana ya kupagawa, na jirani zetu wa Pwani waliozijua ngoma za kupunga pepo hawahitaji kuelezwa nguvu ya pigo linalorudiwa.

Basi uaminifu wangu ulijaribiwa wapi? Ulijaribiwa mapema mno. Nikiwa bado mgeni katika imani hii, Mholanzi Tiësto, yule aliyepiga santuri kwenye ufunguzi wa michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka wa 2004 wanariadha wakiingia uwanjani, alitoa mwaka wa 2009 albamu ya Kaleidoscope akaipa transi kisogo. Wengine walipunguza kasi ya mapigo wakauchanganya muziki wao na hausi. Mashabiki walikuja juu. Wakazuka walinzi wa lango waliosema kwamba transi halisi ni ya mapigo 138 kwa dakika na kuwa chochote chini ya hapo ni usaliti. Ugomvi ulikua hata Armin van Buuren, Mholanzi mwingine, akautolea kibao mwaka wa 2013 chenye jina linalouliza ni nani anayeiogopa 138.

Nakiri kwamba nilikuwa miongoni mwa walinzi hao. Nilihesabu mapigo kwa saa ya mkononi. Lakini ni ajabu ilioje kwamba sikuona wakati huo kuwa nilikuwa nikiirudia kesi ninayoifundisha darasani kila mwaka! Kaluta Amri Abedi alichapisha sheria za kutunga mashairi mwaka wa 1954. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, na wanamapokeo wakanguruma kwamba hayo si mashairi. Alamin Mazrui alipotoa Chembe cha Moyo mwaka wa 1988, kesi ilikuwa bado haijafungwa. Leo shairi huru na shairi la arudhi hukaa katika kitabu kimoja cha kiada, na mwanafunzi huulizwa juu ya yote mawili. Mjomba wangu hajaikubali hukumu hiyo hadi leo, wala simlaumu. Anapoghani tarbia zake jioni, mizani kumi na sita kila mshororo, nane kwa nane, najua kwamba kuna kitu ambacho kingepotea duniani laiti watu kama yeye wasingekuwako.

Hapa ndipo penye ugumu, nami sitaki kuukwepa. Wapo wenzangu watakaosema kwamba mwalimu akikubali kila kitu hana tena anachofundisha. Wana haki. Nami sisemi kwamba kila kinachovuma ni kizuri. Nimesikia transi mbovu nyingi, na singeli mbovu nadhani ipo tele. Ninachokipinga ni kumpa mtu alama sufuri kwa sababu ya jina la tanzu yake kabla hatujasikiliza kazi yenyewe. Majina ya tanzu ni kama majina ya lahaja. Mipaka yake huchorwa na watu wenye maslahi yao, na ukienda pale penyewe huuoni mstari ardhini. Kiunguja kilipofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita hakikugeuka kuwa makosa kwa siku moja, ingawa wapo walimu waliowafanya watoto wa Mombasa waamini hivyo.

Mtu anaweza kubaki mwaminifu kwa mapigo 138 bila ya kuwa askari wake. Mimi bado sizipendi transi za pole pole. Nikizisikia huzipita, narudi kwenye sahani za mwaka wa 1992 na 1998. Hilo ni pendo langu na halimdhuru mtu. Madhara yalianza nilipolitia pendo hilo katika kalamu nyekundu.

Juma lililofuata nilimtafuta binti yule. Nilimkuta maktabani akisoma makala juu ya lugha ya matangazo ya biashara, mada aliyokwisha kuiwasilisha badala ya ile ya kwanza. Nilimwomba radhi. Aliinama, akaniambia kwa adabu, "Hapana neno, Mwalimu. Hii nayo ina vitabu vingi." Nilimwomba anitumie nyimbo alizokuwa amezikusanya, akanitumia zaidi ya arobaini.

Nilizisikiliza usiku tatu mfululizo. Nilichoka, sitasema uongo. Lakini katika usiku wa pili, ndani ya wimbo uliokuwa ukienda mbio kama gari lililokatika breki, nilisikia fidla. Niliurudisha nyuma nikausikiliza tena. Kilikuwa kipande cha taarabu, kimekatwa, kikaharakishwa, kikarudiwa rudiwa bila kukoma, na juu yake kijana anatema maneno kwa vina vya mwisho vilivyotimia kabisa, mshororo baada ya mshororo. Binti yule alikuwa ameyaeleza yote hayo katika ukurasa wa pili wa pendekezo lake: kwamba singeli ilianza kwa vijana kughani juu ya vipande vya taarabu vilivyorudiwa. Mimi sikuufikia ukurasa wa pili.

Ipo fomu ya kubadilisha anwani ya tasnifu, nayo huhitaji saini ya msimamizi na maelezo ya sababu. Saini nimeitia. Katika sehemu ya sababu nimeandika kwamba kosa lilikuwa la msimamizi. Binti amesema atafikiri kwanza, kwa kuwa karo ya muhula wa ziada si mchezo. Kamati itakutana Jumanne, na nimeomba nipewe nafasi ya kuzungumza juu ya karo hiyo kabla ya jambo jingine lolote.