Msondo na Sikinde Darasani

Wako walimu wanaoshikilia kwamba nyimbo za bendi za dansi hazistahili kuingia katika somo la fasihi, eti kwa kuwa zilipigwa mahali pa ulevi. Kwa maoni yangu, msimamo huo umewanyima wanafunzi mfano ulio karibu nao mno.

Tuzitazame shule za Chole, wilayani Kisarawe. Mwanafunzi wa huko apendaye Bongo Fleva na singeli hudhani kuwa muziki wake umetoka mjini, au Marekani. Lakini NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoundwa mwaka 1964, iliuita mtindo wake Msondo. Na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikachagua Sikinde. Yote mawili ni majina ya ngoma za Wazaramo. Muhidin Maalim Gurumo, aliyeimba katika bendi zote mbili na kufariki mwaka 2014, alizaliwa Masaki, katika wilaya hiyo hiyo ya Kisarawe.

Mwalimu akiyaandika hayo ubaoni yanakiliwe, somo limekwisha kuharibika. Yafaa aanze na ngoma yenyewe. Amwalike mzee ajuaye kupiga, wanafunzi waimbe, mmoja akiongoza na wengine wakiitikia. (Msondo una nafasi yake katika unyago pia, na si kila wimbo wake ufaao mbele ya wavulana, kungwi aulizwe kwanza.) Kisha wasikilize wimbo mmoja wa Mlimani Park. Mwimbaji hueleza kisa chake polepole, na tarumbeta na saksafoni humjibu kama waitikiaji wanavyomjibu kiongozi uwanjani. Halafu mwendo hubadilika, magitaa hushika usukani, watu huinuka kucheza: ndiyo sehemu iitwayo chemko. Wanafunzi wapige makofi na watafute wenyewe mahali wimbo unapogeuka. Hatimaye waulete wimbo waupendao wao, waseme kilichobaki na kilichoachwa. Mara nyingi watakuta kisa na kiitikio vingalipo, ila kazi ya wapiga tarumbeta imechukuliwa na kompyuta.

Isidaiwe, hata hivyo, kwamba kila kitu kimetokana na bendi hizo. Mchiriku, na singeli iliyoufuata, vilichota katika ngoma za Uzaramo bila kupitia kwa wapiga dansi. Hata Beatles wa Uingereza, ambao athari yao husifiwa dunia nzima, walijifunza mengi kutoka santuri za Wamarekani weusi. Mwanafunzi akifuata mkondo mmoja tu atakosa kuiona chemchemi.

Nyimbo nyingi za bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania, na zaweza kusikika hata leo. Mpigaji wa kijijini hakurekodiwa na mtu. Kwa hiyo mwalimu anayesubiri shule ipate redio ndipo aanze somo amekosea mpango; wiki za kwanza za muhula azitumie kumtafuta mzee huyo.