Kikohozi kikavu: tangawisi, asali, na kuhesabu pumzi

Wamama wenzetu, kiangazi kimeingia. Vumbi la barabara, moshi wa majani yanayochomwa na baridi ya usiku huku kando ya Lualaba vimewarudishia watoto kikohozi kile kikavu kinachoamsha nyumba nzima. Katika kikao kilichopita mwenzetu mmoja aliuliza kuhusu dawa za Wahindi zinazoitwa Ayurveda.

Tulicheka kidogo, maana nyingi ziko jikoni kwetu. Ni uganga wa zamani sana wa India, na kwa kikohozi unatumia tangawisi, asali, manjano na pilipili manga.

Sisi tunafanya hivi. Kata kipande cha tangawisi kama ncha ya kidole, kiponde, kichemshe katika kikombe cha maji dakika 10. Chuja, ngoja maji yawe vuguvugu, ndipo utie kijiko kidogo cha asali. Wahindi wenyewe wanakataza asali isipikwe. Mpe mtoto kidogo kidogo, zaidi wakati wa kulala. Manjano wao hutia katika maziwa ya moto. Ukikosa maziwa, usikope pesa kwa ajili hiyo.

Lakini mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambe asali hata kidogo. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ndani ya tumbo lake changa, mwili ukalegea mpaka pumzi ikashindwa. Na aliye chini ya miezi 6 anyonye tu, mara nyingi, usiku na mchana. Mafuta ya mawese puani, hapana: yanashuka mapafuni.

Mmoja wetu alimpa mwanawe wa miaka 2 tangawisi siku 4. Kikohozi kikapungua, akashukuru Mungu. Jirani ndiye aliyeona kifua cha mtoto kinabonyea chini ya mbavu kila akivuta pumzi. Kwenye kituo cha afya wakakuta nimonia. Mtoto amepona, lakini mama yake bado anasema, « Nilisikiliza kikohozi, sikutazama kifua. »

Basi tutazame. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, funua kifua chake uhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Saa ya simu inatosha. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 12, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Ukifika hapo, au kifua kikibonyea, au akikataa kunyonya na kunywa, mpeleke kituoni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kikohozi kikipita wiki 2, mpeleke pia, hata akiwa anacheza.

Mwenzetu aliuliza kama mtoto anayemeza dawa za kituo anaweza kuendelea na tangawisi. Anaweza, ila dawa amalize zote. Na tukipuliza moto, tusimbebe mgongoni. Akae nje na dada yake.