Dunia inauliza: Wewe nani? Serikali inajibu: Njoo kesho

Kijana wa Mtaa wa Congo hahitaji kadi ili ajulikane. Muuza chai anamjua, wapiga debe wa Msimbazi wanamjua, na anayemdai anamjua kuliko wote. Akitaka mzigo wa mali kauli, mwenye duka anamtazama usoni, mshikaji mmoja anasema, "Huyu namjua," na biashara imekwisha.

Kasheshe inaanza pale anayeuliza anapokuwa Guangzhou au London. Huyo hamjui muuza chai wako. Anataka kitambulisho chenye picha, anataka karatasi inayoonyesha unapoishi, na anataka jina lako liandikwe vilevile kila mahali. Hapo ndipo kabwela wa Kariakoo anapogundua kuwa kwao ni mtu, lakini nje ya mpaka ni kivuli tu.

Mwandishi wa tahariri hii yamemkuta. Aliuza picha za mafuriko ya Jangwani kwa kampuni moja ya Ulaya. Kabla ya kulipwa akatakiwa athibitishe kuwa yeye ndiye yeye. Akajipiga picha mbele ya simu, akageuza shingo kushoto na kulia kama mtu anayenyolewa. Uso ukakubaliwa. Kitambulisho cha taifa kikakataliwa, kwa sababu tarehe ya mwisho iliyochapwa juu yake imepita.

Sasa sikiliza ajabu hii. Mwaka 2023 serikali yetu ilitangaza kwamba ukomo huo umeondolewa, na kadi zilizopita tarehe ziendelee kutumika. Vema sana. Lakini nani aliiambia mashine ya Ulaya? Mashine inasoma kilichochapwa, haisomi matamko ya waziri.

Wakataka bili ya umeme yenye jina lake. Bili ipi? Tunanunua LUKU, na mita ni ya mwenye nyumba. Akapeleka barua ya serikali ya mtaa, ina picha, ina saini, ina muhuri. Ikarudi. Hawasomi Kiswahili, na hawana pa kuuliza kama muhuri ule ni wa mwenyekiti au umechongwa uchochoroni. Baada ya wiki saba za danadana, pesa ilipita kwa jina la mtu mwingine aliyeko huko, naye akakata chake. Jasho la kwako, jina la mwenzako!

Na wangapi wamekwama hivyo? Vijana wanaofanya kazi za kompyuta kwa matajiri wa nje, walioitwa kwenye masomo, wanaotumiwa pesa na ndugu. Mmoja kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha kuzaliwa kinasema Mohammed, na cheti cha shule hakina jina la babu. Hapa tunacheka, kule wanafunga faili.

Tusidanganyane kwamba jambo hili ni geni. Sheria ya kusajili na kutambua watu ilipitishwa mwaka 1986. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, yaani NIDA, ikaanzishwa mwaka 2008. Kadi za kwanza zikaanza kutolewa Februari 2013. Kutoka sheria hadi kadi ni miaka 27! Mtoto aliyezaliwa siku ya sheria alikuwa na watoto wake kabla ya kuiona kadi. Januari 2016 Rais Magufuli alimsimamisha mkurugenzi mkuu wa NIDA ili matumizi ya shilingi bilioni 179.6 yachunguzwe.

Majirani walikuwa wapi? Tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda walianza kuvuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa tu. Sisi tulibaki tukitazama.

Lakini serikali ilipotaka jambo lake, mwendo ulipatikana. Mwaka 2019 tukaambiwa kila laini ya simu isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na mwisho ukawekwa Januari 20, 2020. Foleni zilianza alfajiri. Wengi wakapewa namba ya tarakimu 20, kadi wakaambiwa wasubiri. Ukiweka kidole kwa wakala wa laini, mashine inajibu papo hapo kuwa wewe ndiye wewe. Kwa hiyo uwezo upo! Inakuwaje serikali imdhamini mwananchi mbele ya kampuni ya simu, halafu imwache peke yake mbele ya dunia?

Jina la Kariakoo lenyewe linatukumbusha. Limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza waliopiga kambi hapa. Walijulikana kwa namba. Maelfu walikufa, na mishahara ya wengi haikulipwa kwa kuwa wenyewe au warithi wao hawakupatikana. Namba ilitosha kuwabebesha mizigo, haikutosha kuwafikishia haki yao. Baada ya miaka zaidi ya 100, mjukuu wa Kariakoo asirudishwe hapo hapo.

Tunachodai si hisani. Kwanza, mwenye kadi iliyopita tarehe abadilishiwe bila malipo na bila njoo kesho. Pili, mwananchi mwenyewe aweze kuomba uthibitisho kwa Kiswahili na Kiingereza, ambao mtu wa nje anaweza kuuhakiki moja kwa moja NIDA. Tatu, balozi zetu ziwe pa kuulizia, zisiwe pa kupokea wageni wa heshima tu. Pasipoti ya shilingi 150,000 isiwe ndiyo njia pekee ya mlalahoi kuaminika.

Na nyie washikaji, tuambiane ukweli. Mapema mwaka 2025 NIDA ilitangaza kufunga namba za watu wasiokwenda kuchukua kadi zao. Kama yako ipo ofisi ya kata, nenda kesho asubuhi. Linganisha majina kabla hujakwama. Usimtumie picha ya kitambulisho kila anayeiomba. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wanaitafuta sana. Na achana na vishoka wanaouza bili za kughushi. Akikamatwa mmoja, kesho Mtanzania yeyote anatiliwa shaka.

Serikali inazo alama zetu za vidole vyote kumi. Dunia inapouliza sisi ni nani, inyooshe walau kimoja iseme: huyu namjua.