Vakyumu haionekani kwa macho

Mwandishi, hapo kwenye makala yako uliposema kontakta ya vakyumu haihitaji matengenezo sikubaliani nawe. Nimekuwa fundi umeme kwenye mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa, na mota ya kinu chetu cha kusaga mawe ilikuwa ya volti 3,300. Chupa moja kati ya tatu za kontakta yake, ambamo umeme hukatwa, ilipoteza vakyumu, na kwa nje ilikuwa safi kabisa! Mbili zilizobaki ziliendelea kukata umeme wa mota, kasoro ikajificha hadi siku tuliyozipima moja moja kwa volti ya juu, kontakta ikiwa imezimwa. Na wewe ndugu yangu uliyeandika maoni hapo juu unayetaka kuondoa fyuzi, tafadhali usithubutu: kontakta imetengenezwa kuwasha na kuzima mota maelfu ya mara, kukata shoti kubwa ni kazi ya fyuzi.